Bodi ya Shule na Kufungua Shule Wakati wa Janga: Maswali Ambayo Wazazi Hawachoki Kuuliza

Maswali haya ni ya wazazi na wajumbe wapya wa bodi za shule za umma nchini Kenya. Mengi yalizuka mwaka 2020 na 2021, corona ilipofunga shule, na yakazuka tena mafuriko ya 2024 yalipochelewesha muhula wa pili. Majibu yanaegemea Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 na mambo yalivyokwenda. Tukisema bodi au BOM, ni kitu kimoja: bodi ya usimamizi wa shule.

Je, bodi ya shule yetu ndiyo iliyoamua shule ifungwe na ifunguliwe lini?

La. Tarehe hutoka Nairobi. Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa Ijumaa, Machi 13, 2020. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule za kutwa zifungwe kesho yake, za bweni ziwe zimefunga kufikia Jumatano, na vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Hakuna bodi iliyoulizwa, na kusema kweli hapakuwa na muda wa kuuliza.

Julai 7, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea: hakuna mtihani wa kitaifa, si KCPE ya msingi wala KCSE ya sekondari, tukutane Januari. Wazazi wakajipanga hivyo. Kisha Oktoba 6 likaja tangazo jingine: Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 warudi Jumatatu, Oktoba 12. Siku sita tu. Waliobaki walirudi Januari 4, 2021. KCPE ya 2020 ikafanywa Machi 2021, na KCSE ikaisha Aprili.

Siku hizo sita ndizo zilizotenganisha bodi na bodi. Kuna shule ambazo mwenyekiti alikuwa na orodha ya kila kitu kilichohitajika tangu Agosti, na kuna shule ambazo Jumapili jioni watu walikuwa bado wanatafuta aliye na funguo za stoo.

Kama bodi haiamui tarehe, basi kazi yake ni nini?

Tarehe ni ya wizara. Maji, madawati, pesa na usalama wa mtoto ndani ya ua ni mambo ya bodi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinaipa bodi kazi ya kuhakikisha shule ina majengo na vifaa vya kutosha, kupokea pesa za shule na kuzitolea hesabu, kulinda usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi wengine, kushughulikia nidhamu, kuhakikisha kuna ushauri nasaha, na kuajiri wafanyakazi wasio walimu. Bodi pia huishauri Halmashauri ya Elimu ya Kaunti kuhusu upungufu wa walimu.

Ukiisoma orodha hiyo ukiwa na janga akilini, utaona karibu kila kitu ambacho watu walimlaumu waziri kwacho kilikuwa mlangoni mwa bodi. Waziri hawezi kujua kwamba mfereji wa shule yenu umekauka tangu Pasaka.

Kuna wajumbe wanaodhani bodi ni ya kuketi mara moja kwa muhula, kunywa chai, kupokea marupurupu ya kikao na kupiga muhuri alichokwisha kuamua mwalimu mkuu. Wakati wa kawaida shule kama hiyo hujikokota hivyo hivyo. Wakati wa janga haiwezi.

Nani hukaa kwenye bodi?

Wawakilishi sita wa wazazi (au wa jamii, kwa shule za sekondari za kaunti), mmoja aliyeteuliwa na Halmashauri ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na walimu wenzake, watatu wa mdhamini wa shule, mmoja wa makundi maalum katika jamii, na mmoja wa watu wenye mahitaji maalum. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi naye hukaa. Bodi inaweza kuongeza watu wengine wenye ujuzi wanaohitajika, wasiozidi watatu. Mwalimu mkuu ni katibu.

Hilo la mwisho lisomwe tena. Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi, si mwenyekiti wake. Anaandaa ajenda, anaandika kumbukumbu, anatekeleza. Mahali ambapo mwenyekiti humwita mwalimu mkuu "mkubwa" na kumsubiri aseme kikao kimeisha, hakuna bodi.

Kuhusu mdhamini: shule nyingi zilianzishwa na makanisa, nyingine na taasisi za Kiislamu, na mdhamini ana viti vyake kisheria. Wakati wa corona wadhamini wenye ukumbi au uwanja mkubwa walisaidia sana pale walipoombwa. Tatizo ni kwamba bodi nyingi hazikuomba.

Chama cha wazazi nacho? Si ni kilekile?

Vyombo viwili tofauti. Chama cha wazazi kinahusu wazazi wote na mwakilishi wa walimu. Kamati yake hutokana na wawakilishi wa kila darasa. Kazi yake ni kukusanya maoni ya wazazi, kufuatilia masomo na hali ya watoto, na kuchangia shughuli zilizokubaliwa. Bodi ndiyo inayobeba jukumu la kisheria.

Bodi ikiona shule haiko tayari, inaweza kukataa kufungua?

Haiwezi kutoa kalenda yake. Ila kukaa kimya pia haitakiwi. Njia iliyoko ni hii: bodi inakutana, inakagua shule kwa macho (si kwa kusomewa ripoti), inaandika upungufu ulioko, na barua inapelekwa kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, nakala kwa afisa wa afya ya umma. Barua iwe na vitu vinavyohesabika. "Shule haina vyoo vya kutosha" haimsaidii mtu yeyote. "Wasichana 300, mashimo 7, na mawili yamejaa" inamlazimisha mtu ofisini afanye jambo, au ajue kwamba asipofanya ipo karatasi yenye muhuri wa kupokelewa.

Omba muhuri huo. Kila mara. Mhudumu wa dirishani akikwambia "acha tu hapo, bosi ataiona", mwambie unangoja.

Shule iliyo "tayari" ni ipi hasa?

Hapa ndipo penye maneno mengi, na panastahili.

Tuanze na maji. Mwaka 2020 kila shule ilitaka kuonyesha tangi. Wanasiasa walipiga picha nayo. Lakini hesabu ya tangi hufanywa na wachache. Chukua shule ya watoto 600. Kila mtoto anawe mikono mara nne: anapoingia getini, anapotoka chooni, kabla ya kula, na anaporudi darasani baada ya mchezo. Mpe nusu lita tu kila mara. Hizo ni lita 1,200 kwa siku, kabla ya kupika uji na kabla ya kusafisha choo hata kimoja. Tangi la lita 1,000 linakauka kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. La lita 5,000 linafika siku ya nne. Swali la bodi basi si "tuna tangi?" bali ni nani analijaza siku ya tano, kwa pesa gani, na boza ikikosa kuja tunafanyaje.

Sabuni nayo ina visa vyake. Kipande kikiachwa wazi hakilali shuleni. Shule zilizojiweza zilikoroga sabuni ya unga kwenye maji, zikatia kwenye chupa za soda, na kutoboa vifuniko kwa msumari wa moto: mtoto akiikamua chupa, linatoka tone la kumtosha. Chupa ikifungwa kwa kamba kwenye nguzo ya mfereji, hakuna anayeihamisha. Kitu cha bei ya chini kabisa, na kilifanya kazi kuliko vile vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso, ambavyo betri zake zilipoisha vilirudi kwenye droo ya mwalimu mkuu na kukaa huko.

Darasa. Mwongozo wa wizara wa viwango vya usalama shuleni, wa mwaka 2008, unasema chumba cha mita 7.5 kwa 6 hivi kiwe na wanafunzi 30 kwenye madawati ya mtu mmoja, au 40 kwenye ya watu wawili. Hiyo ni kabla ya corona. Shule nyingi za msingi za umma zilikuwa na 60, 70 na zaidi. Agizo la kuweka umbali kati ya watoto lilipokuja, kila mwalimu wa hesabu alijua haliwezekani, na mwishowe wizara yenyewe ilikiri umbali utakuwa shida na kusisitiza barakoa. Baadhi ya masomo yalihamia chini ya miti.

Mimi naona bodi zilifanya vibaya hapa kwa kuogopa kusema. Zilijaza fomu kuonyesha umbali umezingatiwa kwa sababu fomu ilitaka hivyo. Fomu iliyojazwa uongo ndiyo iliyoinyima wizara sababu ya kuleta madawati na walimu.

Yapo mambo bodi ingeweza kufanya bila kungoja mtu. Kufungua madirisha yaliyopigiliwa misumari, kwa mfano. Utashangaa ni madarasa mangapi yana madirisha yasiyofunguka kwa sababu mtu fulani miaka iliyopita aliogopa wezi wa balbu. Kupishanisha saa za mapumziko. Kuhamishia Darasa la 8 kwenye jumba la kulia. Mlango ufunguke kwa nje, jambo ambalo mwongozo wa 2008 unalidai kwa ajili ya moto, na ambalo bado linapuuzwa.

Vyoo: kipimo kinachotumiwa na maafisa wa afya ni shimo 1 kwa wasichana 25 na 1 kwa wavulana 30. Katika shule yetu ya watoto 600, nusu kwa nusu, hiyo ni mashimo 12 na 10. Hesabu ya kwenu mnaijua.

Pesa za haya yote zinatoka wapi?

Mgao wa serikali ni Sh1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na Sh22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Huja kwa awamu, kwa mpango wa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, na kuchelewa ni kawaida yake. Pesa hizo zina vifungu: za vitabu, za ukarabati, za umeme na maji, za wafanyakazi. Bodi haiwezi kuchukua za vitabu ikanunulia sanitaiza kwa sababu tu mambo yamekuwa magumu. Kuhamisha kifungu kunahitaji idhini.

Mei 2020 serikali ilitangaza mpango wa kuinua uchumi, na Sh6.5 bilioni zikatengwa kwa wizara ya elimu kuajiri walimu 10,000 na vijana 1,000 wa teknolojia. Kukawa pia na mpango wa madawati, yatengenezwe na mafundi wa mtaani. Bodi zilizokuwa na takwimu sahihi za madawati mabovu zilikuwa na la kusema orodha zilipoitishwa.

Je, shule inaweza kunitoza pesa za "corona"?

Shule ya umma hairuhusiwi kutoza karo ya masomo. Ada nyingine zinawezekana tu kwa idhini ya Waziri, kwa kushauriana na Halmashauri ya Elimu ya Kaunti. Sheria inaendelea kusema mtoto asikataliwe shuleni kwa sababu mzazi ameshindwa kulipa ada hizo, na kila anayelipa apewe risiti rasmi. Yote yako katika kifungu cha 29.

Kwa hiyo ukiambiwa "kila mzazi alete Sh500 za sanitaiza la sivyo mtoto asikanyage getini", uliza mambo mawili: barua ya idhini iko wapi, na risiti ni ya kitabu gani. Usigombane na mlinzi wa geti. Hakuliamua yeye, na ana bosi wake.

Kuchangia kwa hiari ni sawa. Mzazi fundi akija kuziba mabomba Jumamosi, shukuruni na mwandike kwenye kumbukumbu.

Karo ya bweni ilipunguzwa kweli?

Ndiyo, kwa kuwa mwaka wa masomo wa 2021 ulifupishwa. Ulianza Julai 26, 2021, na karo ya shule za kitaifa ikashuka kutoka Sh53,554 hadi Sh45,054, za kaunti na za juu ya kaunti kutoka Sh40,535 hadi Sh35,035. Mwaka wa 2022 ulianza Aprili 25, na kalenda ikarudi Januari mwaka 2023. Wazazi wengi hawakulihisi punguzo hilo. Walikuwa wakilipa karo mara nne ndani ya miezi kumi na miwili, na bodi ambazo hazikukubali mpango wa kulipa kidogo kidogo ziliwapoteza watoto ambao hawakurudi.

Walimu wa BOM waliishije shule zilipofungwa?

Vibaya. Hawa ni walimu wanaoajiriwa na bodi kuziba pengo la walimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na mshahara wao hutoka kwenye karo na michango ya wazazi. Karo ikikatika, mshahara umekatika. Mwalimu wa TSC alilipwa miezi yote ile akiwa nyumbani. Jirani yake wa BOM, mwenye digrii ileile na aliyefundisha Kidato cha 4 mwaka mzima uliotangulia, aliuza mboga au akapanda boda.

Shule zilipofunguliwa, baadhi yao hawakurudi. Bodi zikajikuta hazina mwalimu wa fizikia mwezi mmoja kabla ya watahiniwa kuanza majaribio. Zilizokuwa zimewapigia simu, zikawatumia hata kidogo, na kuwaambia ukweli kuhusu pesa, hazikuwa na shida hiyo. Jambo jingine: wengi hawakuwa na mkataba wa maandishi. Mwajiri ni bodi, na bodi inafungwa na sheria ya ajira kama mwajiri mwingine yeyote. Barua ya kuajiriwa ya ukurasa mmoja, inayosema malipo yatakuwaje shule ikifungwa kwa dharura, haigharimu kitu.

Mwalimu au mwanafunzi akipatikana na ugonjwa, nani anafunga shule?

Afisa wa afya na wizara, kwa taarifa ya shule. Mombasa, Oktoba 2020, wiki chache tu baada ya kufungua, shule kadhaa za sekondari zilifungwa kwa muda baada ya walimu kuambukizwa. Kazi ya bodi ni kutoa taarifa mapema, kuwa na chumba cha kumtenga anayeumwa (chumba kweli, si kona ya stoo ya mahindi), kuwa na namba za simu za wazazi zinazopatikana, na kuzima uvumi. Jina la mgonjwa halitangazwi. Halisemwi kwenye kikao cha wazazi, halitumwi kwenye WhatsApp ya darasa.

Binti yangu alipata mimba shule zikiwa zimefungwa. Wanaweza kumkataa?

Hawawezi. Mwaka 2020 wizara ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuwarudisha shuleni wanafunzi walioacha, na wasichana waliopata mimba wametajwa humo. Mwalimu mkuu akisema "tutaonekana vipi", mpelekee bodi kwa maandishi, na bodi ikikataa nenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Bodi ina wajibu wa kuhakikisha kuna mwalimu wa ushauri nasaha ambaye msichana anaweza kuongea naye bila habari kufika kwenye chumba cha walimu kabla yake.

Wavulana wanasahauliwa. Wapo walioingia kwenye boda boda, kuchimba mchanga, kuvua samaki, kufanya kazi za mjengo. Mvulana wa miaka 16 aliyezoea kushika noti jioni harudi darasani kwa kuitwa na kengele. Huko nako chifu na wazee wa mtaa walisaidia kuliko barua yoyote: walikwenda nyumba kwa nyumba na orodha ya watoro. Orodha hiyo iliandikwa na nani? Na mwalimu wa darasa, pale bodi ilipoiomba.

Kwa nini kulikuwa na migomo na moto baada ya kufungua?

Mapema 2021, na tena Oktoba na Novemba mwaka huo, mabweni yaliungua sehemu nyingi. Kila mtu alikuwa na sababu yake: mihula iliyobanwa bila mapumziko, mitihani mfululizo, watoto waliokaa miezi tisa bila ratiba kisha wakafungiwa. Nadhani zote zina ukweli kidogo. Bodi zilizokuwa zikimsikiliza mwakilishi wa wanafunzi kwenye kikao, badala ya kumtoa nje ajenda nzito ikifika, zilikuwa na mahali pa kusikia chakula kimeharibika au mwalimu fulani anapiga watoto kabla kiberiti hakijawashwa. Viboko, kwa taarifa, vimepigwa marufuku na kifungu cha 36.

Mtoto akisimamishwa, mzazi anaitwa, bodi inasikiliza, mtoto anapewa nafasi ya kujieleza. Kufukuzwa kabisa si uamuzi wa mwalimu mkuu peke yake wala wa bodi peke yake; lazima upite kaunti.

Bodi ilikutanaje wakati mikutano imepigwa marufuku?

Kwa simu, kwa Zoom pale penye mtandao, na mara nyingi kwa WhatsApp. Hakuna ubaya, ila kundi la WhatsApp si kikao. "Sawa mwenyekiti" na dole gumba chini ya ujumbe wa usiku haviwezi kuidhinisha Sh300,000. Mambo yaliyokubaliwa kwa simu yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu na yathibitishwe kikao kinachofuata, majina ya waliokuwepo yakiwemo. Mkaguzi akija miaka miwili baadaye hataomba kuona simu ya mtu.

Mjumbe wa bodi anauza barakoa na sabuni. Shule inaweza kununua kwake?

Hapana, na asijaribu kupitia kwa shemeji. Sheria ya ununuzi wa umma inamtaka mtu mwenye maslahi ajitangaze na ajiondoe. Corona ilileta ununuzi mwingi wa haraka, na haraka ndiyo kichaka cha watu wa namna hiyo.

Naweza kuona hesabu za shule?

Unaweza. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki hiyo, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Andika barua kwa mwalimu mkuu kama katibu wa bodi, taja unachotaka hasa: mathalani kiasi kilichopokelewa muhula wa kwanza wa 2021 na jinsi kilivyotumika kwenye maji na usafi. Ukinyamaziwa, ipeleke kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Anza kwa upole lakini. Mara nyingi mhasibu wa shule ni mtu mmoja anayefanya kazi ya watatu, na ukimpa wiki moja zaidi atakuletea karatasi mwenyewe.

Mtoto wangu yuko shule ya binafsi. Haya yananihusu?

Kidogo. Shule ya binafsi ina mwenyewe, na yeye ndiye anayeamua karo. Hata hivyo inafungwa na kalenda, afya na usalama kama nyingine, na mtoto ana haki zilezile za kutopigwa na kusikilizwa. Shule nyingi ndogo za binafsi mitaani hazikufunguliwa tena baada ya 2020, na watoto wao wakahamia za umma zilizokuwa zimejaa tayari. Sheria inaitaka shule ya umma iwapokee.

Ndugu zetu Marekani wanasema huko bodi ndizo zilizoamua kufungua. Mbona sisi hatuwezi?

Kwa sababu bodi ya huko ni kitu kingine. Marekani ina wilaya za shule zaidi ya 13,000, nyingi zikiwa na bodi iliyochaguliwa na wapigakura, yenye bajeti kubwa inayotokana kwa sehemu na kodi ya majengo ya mahali hapo. Bodi moja husimamia shule nyingi. Ndiyo maana wilaya mbili zinazopakana ziliweza moja kufungua Agosti 2020 na nyingine kukaa mtandaoni karibu mwaka mzima.

Nguvu hiyo ina bei. San Francisco, bodi ilipiga kura Januari 2021 kubadilisha majina ya shule 44 wakati madarasa bado yamefungwa. Wazazi wakakasirika, wakakusanya sahihi, na Februari 2022 wapigakura wakawaondoa wajumbe watatu. Kwetu mzazi hawezi kumwondoa mjumbe kwa kura ya mtaa, na mjumbe hawezi kumwambia mzazi kwamba tarehe ya kufungua ni kosa lake.

Karibu nasi, Tanzania ilifunga Machi 17, 2020, ikarudisha Kidato cha 6 na vyuo Juni 1, na shule nyingine zote Juni 29, uamuzi wote ukitoka serikali kuu. Kamati za shule za msingi na bodi za sekondari zilipokea maagizo kama zetu. Uganda ilikaa karibu miaka miwili, shule zikafunguliwa zote Januari 10, 2022, na hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu kuliko hiyo.

Janga limeisha. Kwa nini tuendelee kujali?

Muhula wa pili wa 2024 ulikuwa uanze Aprili 29. Usiku wa kuamkia siku hiyo wizara ikausogeza hadi Mei 6 kwa ajili ya mafuriko. Watoto wengine walikuwa wameshapanda basi. Mei 3 Rais William Ruto akauahirisha bila tarehe, na mwishowe shule zikafunguliwa Mei 13. Hapakuwa na virusi safari hii, ila maswali yalikuwa yaleyale: vyoo vimejaa maji, nani anavinyonya? Bweni ni makao ya waliohamishwa na mto, watatoka lini na nani atalisafisha? Visima vimechafuka, dawa ya maji itanunuliwa kwa kifungu gani? Bodi zilizokuwa zimeandika 2021 mambo waliyofanya na gharama zake zilifungua faili. Nyingine zilianza upya, na hata wajumbe walikuwa wamebadilika.

Nataka kuingia kwenye bodi. Nianzie wapi?

Kwenye mkutano wa wazazi wa darasa la mtoto wako, ambao kwa kawaida huwa na watu wachache kiasi kwamba anayefika kwa wakati huchaguliwa. Kutoka hapo majina ya wawakilishi wa wazazi hupita hadi kwenye Halmashauri ya Elimu ya Kaunti, ambayo ndiyo inayoteua bodi. Muhula wa mjumbe ni miaka mitatu, na anaweza kuongezewa mmoja. Hakuna mshahara. Ukiingia, siku ya kwanza omba vitu vitatu: kitabu cha kumbukumbu cha miaka miwili iliyopita, taarifa ya benki ya muhula uliopita, na funguo za kila mlango kwenye kiwanja, pamoja na ule wa stoo.